Majeruhi Mmoja, Mafaili Mawili: Kisa cha Kuoanisha Rekodi za Trafiki na za Hospitali

Hali ilivyokuwa

Ofisi mbili zilikuwa zikihesabu watu walewale, na kila robo mwaka zilileta majibu yasiyofanana. Askari wa usalama barabarani waliwasilisha taarifa iliyoonyesha kwamba majeruhi wakubwa wanapungua. Wodi ya upasuaji wa mifupa ililalamika kwamba vitanda havitoshi. Kikao cha kupanga matengenezo ya barabara kilishika taarifa ya trafiki, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotaja barabara. Malalamiko ya wodini yaliingia kwenye muhtasari wa kikao chini ya "mengineyo", na hapo yalibaki.

Tuliitwa wachambuzi watatu. Kazi ilielezwa kwa sentensi moja: chukueni rejista ya ajali na mafaili ya wagonjwa, muyaoanishe, ili ukubwa wa jeraha utoke kwa daktari na mazingira ya ajali yatoke kwa askari. Tulipewa miezi sita. Ilichukua zaidi ya mwaka.

Majina ya mkoa, hospitali na watu yameondolewa. Hesabu zetu pia nimeziacha nje, kwani mkoa wenye hospitali moja ya rufaa hutambulika kwa idadi ya wagonjwa wake tu. Nitakapotumia namba kufafanua jambo, ni mfano wa darasani, na nitasema hivyo.

Kila upande uliandika nini

Fomu ya trafiki ilikuwa na tarehe, saa, mahali, aina ya vyombo, jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila dereva, na safu ya hali ya majeruhi: amefariki, jeraha kubwa, jeraha dogo. Mifumo mingi duniani ina safu ya namna hiyo. Marekani hutumia kipimo kiitwacho KABCO, herufi tano kuanzia aliyekufa hadi asiyeumia, na anayeijaza ni polisi, akiwa barabarani.

Askari si daktari, na asilaumiwe kwa hilo. Ngozi ya kichwa ikichanika humwaga damu ya kutisha, na mwenye jeraha hilo huweza kushonwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Aliyepasuka bandama huweza kusimama, akajibu maswali yote, akasaini fomu, kisha akaanguka saa kadhaa baadaye. Wa kwanza huandikwa "kubwa", wa pili "dogo". Fomu ikishafungwa hakuna anayerudi kuisahihisha.

Hospitali nayo iliandika jeraha vizuri ila haikuandika ajali. Kwenye Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, misimbo ya S na T hueleza mwili umeumia wapi, na misimbo ya V01 hadi V99 hueleza mtu aliumiaje alipokuwa safarini: V01 hadi V09 kwa watembea kwa miguu, V10 hadi V19 kwa waendesha baiskeli, V20 hadi V29 kwa wapanda pikipiki. Mfuko wa bima ulilipa kwa kuangalia S na T. Misimbo ya V haikulipiwa na mtu, basi karani aliyechoka aliiruka, au aliandika V89.2, maana yake ajali ya chombo cha moto barabarani isiyofafanuliwa. Mafaili mengine yalikuwa na X59, ambayo haisemi hata kama kulikuwa na barabara.

Jaribio la kwanza

Tulianza kwa njia rahisi: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya ajali ilingane na tarehe ya kupokelewa hospitalini. Programu ilikwenda dakika chache ikarudi na jozi haba kiasi cha kutufanya tudhani tumepakia faili la mwaka mwingine. Tuliangalia. Lilikuwa sahihi.

Mmoja wetu alipendekeza tuandike kwamba majeruhi wengi wa trafiki hawafiki hospitalini. Ilikuwa karibu tuandike hivyo. Nakumbuka rasimu ilikuwa na sentensi hiyo, tena ilisomeka vizuri. Muuguzi mkuu wa idara ya dharura, aliyekuwa kwenye kamati yetu, ndiye aliyetuzuia. Aliuliza: "Hao mliowakosa, mmemsoma hata mmoja?"

Hatukuwa tumesoma hata mmoja.

Wiki mbili za kusoma kwa macho

Tulichukua kwa bahati nasibu fungu la rekodi za trafiki zilizokosa mwenza, na fungu jingine la mafaili ya hospitali, tukakaa nayo mezani moja baada ya nyingine. Kazi hii haimo kwenye mwongozo wowote wa programu, na ndiyo iliyotufaa kuliko nyingine zote.

Chanzo cha kwanza cha kukosa wenza kilikuwa usiku wa manane. Ajali ya saa tano na nusu usiku huandikwa na trafiki tarehe ya siku hiyo. Majeruhi hufika mapokezi baada ya saa sita, na kompyuta ya hospitali humpa tarehe ya kesho yake. Ajali mbaya nyingi hutokea usiku, kwa hiyo sharti letu la tarehe moja lilikuwa linawatupa majeruhi wabaya zaidi. Waliopitia kituo cha afya kabla ya kupewa rufaa walichelewa hata siku mbili.

Cha pili, tarehe 1 Januari. Mafaili mengi mno yalidai mgonjwa amezaliwa siku hiyo. Mgonjwa asipojua tarehe yake, au akiwa hana fahamu, karani huweka umri wa kukisia na mfumo hujaza 01/01 wenyewe. Tulikuwa tunaichukulia kama ushahidi, kumbe ni nafasi tupu iliyovaa nguo.

Majina yalikuwa na mambo yake. Trafiki alinakili kutoka leseni, hospitali iliandika alivyotamka ndugu aliyemleta. Jina la ukoo lilitangulia upande mmoja, upande wa pili likaja mwisho au halikuwepo. Tulijaribu Soundex, mbinu iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya huko. Huihifadhi herufi ya kwanza kama ilivyo na huzitenga l na r katika mafungu mawili. Mahali ambapo anayeandika kwa kusikia huchanganya r na l, mbinu hiyo huwatenganisha watu inaotakiwa kuwakutanisha. Tuliiacha, tukatumia kipimo kinacholinganisha herufi zinazoshabihiana na kusamehe kosa moja au mawili.

Halafu wasio na jina. Hospitali iliwafungulia faili la "hajulikani, mwanamume". Jina likipatikana baada ya siku tatu, lilifunguliwa faili jipya, na la zamani liliachwa wazi bila tarehe ya kuruhusiwa. Katika takwimu, mtu mmoja akawa wawili, na mmoja wao hakuwahi kutoka wodini.

La mwisho lilituudhi zaidi. Fomu ya trafiki iliwataja madereva kwa majina, lakini abiria waliandikwa kwa idadi: "abiria, 3". Hakuna hesabu duniani itakayooanisha namba 3 na mafaili matatu yenye majina, umri na jinsia.

Jaribio la pili

Tulihamia kwenye uoanishaji wa uwezekano. Msingi wake uliwekwa na Newcombe na wenzake mwaka 1959, na nadharia yake ikaandikwa na Fellegi na Sunter mwaka 1969. Badala ya kudai kila kitu kilingane, kila kipengele hupewa uzito. Unauliza maswali mawili: kama rekodi hizi ni za mtu mmoja, kipengele hiki kingelingana mara ngapi? Na kama ni za watu wawili tofauti, kingelingana kwa bahati mara ngapi?

Mfano wa darasani. Chukua mwezi wa kuzaliwa. Kwa mtu mmoja, tuseme hulingana mara 95 kati ya 100, kwani makosa ya kuandika yapo. Kwa watu wawili wasiohusiana, hulingana karibu mara 1 kati ya 12. Gawanya 0.95 kwa 1/12, upate 11.4, na logi yake ya msingi wa 2 ni kama 3.5. Huo ndio uzito wa kulingana. Jinsia, hata ikilingana kwa mtu mmoja mara 98 kati ya 100, hulingana kwa bahati nusu ya nyakati, hivyo uzito wake haufiki hata 1. Lakini jinsia isipolingana, uzito unashuka hadi karibu hasi 4.6. Kulingana kwa jinsia hakuthibitishi kitu. Kutolingana kunatia shaka kubwa.

Tarehe ya hospitali tuliiruhusu iwe ya siku ya ajali au mojawapo ya siku tatu zinazofuata, uzito ukipungua kadiri siku zinavyosonga. Tarehe 01/01 tuliifuta, tukabakiza umri tu, kwa kuruhusu tofauti ya miaka michache. Tuliongeza aina ya mtumiaji wa barabara pale msimbo wa V ulipokuwepo, na umbali kati ya eneo la ajali na kituo kilichompokea majeruhi.

Jozi zikaongezeka sana, na tukafurahi mapema.

Baba na mwana

Katika jozi zenye alama za juu, moja ilionyesha dereva aliyeandikwa na trafiki "jeraha dogo" ambaye hospitali ilisema amefariki siku ya nne. Lilikuwa kosa la aina ileile tuliyotumwa kuitafuta. Tuliiweka kwenye wasilisho la ndani kama mfano bora.

Askari aliyeshughulikia ajali hiyo alikuwa ukumbini. Alisema dereva yule yuko hai, na wiki iliyopita alifika kituoni kuulizia gari lake. Aliyefariki ni baba yake, aliyekuwa kiti cha abiria.

Tulirudi kwenye faili. Majina yalifanana mawili kati ya matatu, jinsia moja, tarehe moja, mahali pamoja, chombo kimoja. Baba, kama abiria, hakuwa na jina kwenye fomu ya trafiki, kwa hiyo faili lake la hospitali lilibaki linatafuta mwenza na likamwona mwanawe. Umri ndio uliopaswa kupiga kelele, lakini umri wa baba ulikisiwa mapokezi, na sisi wenyewe tulikuwa tumeulegeza uzito wa umri kwa sababu ya zile 01/01.

Hesabu tuliyoeleza hapo juu hudhani kwamba vipengele havijuani: kwamba kulingana kwa jina la ukoo hakuhusiani na kulingana kwa mahali. Barabarani dhana hiyo inavunjika, maana watu husafiri na jamaa zao. Gari moja likipinduka, mapokezi hupata watu wanne wenye jina moja la mwisho, tarehe moja na ajali moja. Alama hupanda kwa sababu walikuwa pamoja, na programu hutafsiri kuwa pamoja kama kuwa mmoja.

Hakuna aliyedhurika. Data yetu haikutumika kumjulisha ndugu yeyote, wala haikwenda kwa bima wala mahakamani. Hata hivyo tulisimamisha kazi na kuweka sharti jipya: penye majeruhi zaidi ya mmoja, rekodi zote za ajali hiyo huoanishwa kwa pamoja kama kundi, kila faili likipewa mwenza mmoja tu, na jozi yoyote ya kifo ipitiwe na mtu kabla ya kukubaliwa.

Maamuzi mengine na sababu zake

Faragha ilikuwa na ubishi mkali, ingawa jibu lake lilikuwepo tangu zamani. Australia Magharibi wana mfumo wa kuunganisha data ya afya tangu mwaka 1995, na kanuni yake ni kutenganisha kazi: anayeoanisha majina haoni ugonjwa, anayechambua ugonjwa haoni majina. Tulifanya hivyo. Karani mmoja aliyeapishwa alipokea majina, umri na tarehe kutoka pande zote mbili, akatoa nambari ya siri kwa kila jozi, na sisi wachambuzi tukapata nambari na majeraha tu. Wakati wa kusoma kwa macho, kamati ya maadili ilituruhusu kukaa na rekodi zenye majina ndani ya chumba cha hospitali, bila simu wala kompyuta yenye intaneti. Bila ruhusa hiyo tusingeiona 01/01.

Kwa ukubwa wa jeraha tulichagua MAIS3+. Kipimo cha AIS hupanga kila jeraha kuanzia 1, dogo, hadi 6, lisiloweza kutibika kwa sasa. MAIS ni jeraha baya kuliko yote aliyonayo mtu, na nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 2013 kumhesabu majeruhi mkubwa kuwa mwenye MAIS ya 3 au zaidi. Ubora wake ni kwamba hakitegemei siku za kulazwa. Siku za kulazwa hupungua vitanda vikijaa, hata kama mifupa iliyovunjika ni ileile. Udhaifu wake tuliugundua baadaye: mafaili yenye msimbo S09.9, jeraha la kichwa lisilofafanuliwa, hayawezi kupewa daraja. Tuliyaweka kando na kuyahesabu peke yake, hatukukisia.

Kwa vifo tulifuata kipimo cha siku 30 tangu ajali, kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani. Trafiki walikuwa wanahesabu waliofia barabarani na waliofariki kabla fomu haijafungwa. Hapa mabishano yalikuwa mafupi.

Uamuzi niliokuwa na mashaka nao, na bado ninao, ni kukataa kutoa idadi ya jumla ya majeruhi wote. Ipo mbinu ya kukadiria waliokosekana kwenye orodha zote mbili. Mfano wa darasani: trafiki 300, hospitali 400, walioonekana kote 150. Zidisha 300 kwa 400, gawanya kwa 150, unapata 800. Inavutia. Lakini tuseme uoanishaji umekosa jozi 30 za kweli, kwa hiyo waliokuwa kote ni 180. Jibu linashuka hadi kama 667. Watu zaidi ya 130 wamezaliwa kutokana na makosa ya tahajia. Kwa upande wa pili, majeruhi mkubwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuingia kwenye orodha zote mbili, na hilo huvuta kadirio chini. Makosa mawili yanavutana na hujui lipi limeshinda. Mkuu wa ofisi ya mipango alitaka namba moja ya kuandika kwenye ukurasa wa kwanza. Tulimpa tatu: walioonekana na trafiki peke yake, walioonekana na hospitali peke yake, na walioonekana na wote.

Kilichotoka

Orodha ya maeneo hatari ilibadilika mpangilio. Makutano yaliyokuwa juu kwa wingi wa ajali yalishuka, kwa kuwa magari hapo hugongana polepole na watu huumia kidogo. Kipande cha barabara iliyonyooka nje ya mji, chenye ajali chache, kilipanda: watembea kwa miguu waliogongwa pale walifika hospitalini na majeraha ya kichwa na nyonga.

Kundi la "hospitali peke yake" lilijaa waendesha baiskeli na pikipiki walioanguka bila kugongana na yeyote, misimbo ya V18 na V28. Hakuna chombo cha pili, hakuna wa kumlaumu, basi hakuna aliyeita polisi. Kwa takwimu za trafiki watu hawa hawakuwahi kuanguka. Tafiti za nchi nyingine zimekuwa zikisema hivyo kwa miaka mingi, lakini kikao kiliamini pale tu kilipoona mafaili ya hospitali yake chenyewe.

Taarifa ya kwamba majeruhi wakubwa wanapungua haikuthibitika. Kilichopungua kilikuwa fomu ambazo askari aliandika "kubwa". Tulipofuatilia, tuliambiwa kuwa kuandika "kubwa" kulimlazimu askari kujaza ukurasa wa ziada, sharti lililoanza muda mfupi kabla ya mteremko ule kwenye grafu.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Uoanishaji wa uwezekano ulifaa, ila sioni kama ndio uliotuokoa. Kama tungeanza nao siku ya kwanza bila kusoma mafaili, tungeulisha 01/01 kama tarehe halali na ungetupa makosa yenye alama za juu. Kilichofaa ni swali la muuguzi. Rekodi zilizokosa mwenza zilikuwa na maelezo ya mfumo mzima: saa za zamu, uchovu wa karani, kanuni za bima, ukurasa wa ziada wa askari.

Kuwaweka askari na wauguzi kwenye kamati kulitufaa kuliko nilivyotarajia. Niliwachukulia kama wageni waalikwa. Kosa la baba na mwana lingepita hadi kwenye ripoti kama askari yule asingekuwa ukumbini, na siwezi kudai tulimwalika kwa sababu hiyo.

Tulishindwa kwenye muda. Tulipanga wiki mbili za kuomba ruhusa na miezi mitano ya uchambuzi. Ingekuwa afadhali tungepindua.

Tulishindwa pia kuripoti ubora wa uoanishaji kwa kila kundi. Ripoti ilitoa kiwango kimoja cha jumla. Jumla hiyo ilificha kwamba madereva walioanishwa vizuri, abiria vibaya, na wasio na fahamu vibaya kupita wote. Msomaji wa ripoti ile angeweza kudhani abiria huumia kidogo kuliko madereva, wakati ambacho kimepungua ni majina yao. Marekebisho yalitolewa miezi mitatu baadaye, kwenye kiambatisho, na ninavyojua mimi ofisi nyingi zina ripoti ya kwanza tu.

Tulipendekeza mambo mawili. La kwanza, nambari ya tukio la ajali iandikwe kwenye karatasi anayopewa dereva wa gari la wagonjwa, na mapokezi wainakili kwenye faili. Hili lilianza katika kituo kimoja, na kwa wanaofika na gari la wagonjwa, kuoanisha kumekuwa kazi ya kunakili nambari. Wengi bado huletwa na wapita njia. La pili ni kuongeza mistari ya majina ya abiria kwenye fomu ya trafiki. Ombi lilipelekwa, likajibiwa kwamba fomu za sasa zimeshachapwa kwa wingi na zitatumika kwanza mpaka ziishe.